Kusubiri "Kilo"

Asubuhi ile foleni ya kituo cha maziwa cha Manyatta ilifika barabarani. Nilikuwa nimeunganisha mizani yao na kompyuta yangu kwa waya, na meneja alikuwa ameniambia waziwazi: "Ikikosea leo, unang'oa waya zako. Tutaendelea na kalamu." Kazi yangu ya miezi mitatu ilikuwa pale mezani.

Mkebe wa tatu ulikuwa wa shosho mmoja, bibi mzee. Mizani ilisoma 23.4. Kompyuta ikaonyesha 2, kisha 3.4, kama wakulima wawili.

"Kijana," akasema shosho, "nimeacha ng'ombe nyumbani. Wewe umemfanya mbuzi?"

Foleni ikacheka. Meneja hakucheka. Alinipa nusu saa, akarudisha upimaji wa zamani.

Nikawatazama wafanyakazi wake wawili, mpimaji na karani. Mpimaji alisoma kwa sauti, "Ishirini..." akamsalimia mtu, "na tatu..." akakohoa, "nukta nne, kilo!" Muda wote huo kalamu ya karani ilikuwa hewani. Nikamuuliza kwa nini.

"Huyu? Bila kusema kilo, bado hajamaliza."

Nikarukia kompyuta. Mizani nayo hutuma uzito vipande vipande, na mwishoni huweka alama ya kilo. Nilipofanya majaribio nyumbani, vipande vilifika pamoja, ndiyo maana sikugundua kosa. Draiva yangu, ile programu ndogo inayozungumza na mizani, ilikurupuka kila kipande kilipoingia na kukiita uzito kamili. Nikaiwekea bafa, sehemu ya kumbukumbu ya kuhifadhia vipande. Kipande kikifika, kinakaa humo. Alama ya kilo ikifika, vyote vinatoka kama namba moja, na bafa inabaki tupu kwa mkebe unaofuata.

Shosho hakuwa ameondoka. Alikataa maziwa yake yamwagwe kwenye tangi kabla mashine haijakiri kosa. Akaurudisha mkebe juu ya mizani mwenyewe.

23.4. Namba moja, mkulima mmoja.

"Haya, endeleeni," akaamuru, kana kwamba kituo ni chake.

Tukaendelea. Karani alisimama nyuma yangu akilinganisha kila namba ya kompyuta na ile ya mizani, akitafuta kosa kwa bidii kuliko mtu yeyote. Hakupata hata moja. Mkebe wa mwisho ulipomwagwa, meneja alikuja akauliza mizani ya pili naweza kuiunganisha lini.

"Leo," nikasema, nikiwa tayari nimeshika waya.