Arlys Apanda Mlimani

Mama mkwe wangu, Arlys Hjelmstad, aliishi miaka mingi kwenye shamba la ukoo wa mumewe, kaskazini mwa Wisconsin, Marekani, bila kujali kulungu wanalala wapi. Kazi yake ilikuwa kuwapika. Soseji, mchuzi, nyama ya kukausha, zote aliziweza, na watu wakianza kusimuliana habari za pembe mezani, yeye alijiondokea kwenda kukamua ng'ombe.

Mtu wa kulungu alikuwa mumewe, Orville. Kila Februari, msimu wa kuwinda ukiwa umeshapita, alivaa viatu vya theluji akaizunguka ardhi yote peke yake. Theluji ikitanda, kulungu hawana siri. Utaona njia zao, malalo yao, mavi yao, na miti ambayo madume waliichubua kwa pembe tangu Novemba. Na ukoo ule una sheria yake: anayezunguka wakati wa baridi ndiye anayegawa malingo, yale majukwaa ya kuvizia kulungu, kwa msimu unaofuata. Marehemu baba yao aliiweka ili Orville na mdogo wake, Delmar, waache kutoana ngeu kwa ajili ya ulingo wa mlimani.

Mwaka ule Orville alikuwa amepasuliwa nyonga. Alishinda jikoni na mkongojo na darubini yake, amenuna. Delmar akaja kunywa kahawa, furaha imemjaa usoni.

"Pole, kaka. Jumapili nitazunguka mimi. Wewe tutakutafutia ulingo wa karibu na choo."

"Nitakuchapa na huu mkongojo!"

"Nifikie kwanza."

Delmar alicheka peke yake. Orville aligeukia dirishani, akaielekeza darubini mlimani. Bila mlima ule alijiona ameshazikwa.

Mama mkwe hakuingoja hiyo Jumapili. Jumamosi asubuhi alivaa viatu vya theluji vya mumewe, vikubwa kama sinia, akatoka. Orville alifungua dirisha akawa anamwelekeza kwa kelele, baridi yote ikituingilia sisi. Mama mkwe hakusikia, au alijifanya hasikii.

Alirudi wakati wa chakula cha mchana. Nilimpokea barazani nimvue viatu. Mashavu yalikuwa mekundu, anahema, koti limetuna. Ndani ya koti mlikuwa na pembe ya dume, ya kudondoka yenyewe kama zinavyodondoka kila baridi, pana na nzito.

"Umeiokota wapi, mama?"

"Mlimani, juu kabisa. Na wewe ufunge mdomo wako."

Jikoni, Delmar alikuwa ameshawasili, kavutwa na harufu ya chakula. Arlys akaiweka pembe mezani.

"Nyuma ya ghala," akasema. "Mume wangu, dume lako linapita mgongoni mwako miaka yote hii, wewe uko mlimani unaganda. Safari hii utakaa kwenye dirisha la ghala."

"Shemeji, mwaka huu nagawa mimi," Delmar akasema.

"Umekanyaga theluji gani, shemeji? Hiyo ya kutoka garini mpaka kwenye sufuria yangu?"

Delmar aliviangalia vile viatu vinavyotiririsha maji mlangoni.  Sheria ya baba yake haikutaja mwanamume wala mwanamke.

Orville alikuwa akiigeuzageuza pembe. Kwenye kitako chake, palipo na vinundu, palikwama majani mawili matatu ya msonobari. Nyuma ya ghala kuna mitofaa tu. Misonobari iko mlimani. Nilimwona anayatazama. Akamgeukia mkewe.

"Nyuma ya ghala, siyo?"

"Nyuma ya ghala."

Akayachomoa majani yale taratibu, akayatia mfukoni kabla mdogo wake hajayaona. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Na mlimani anakaa nani?"

"Mimi."

"Basi vaa soksi mbili," akasema. "Kule juu upepo hauna adabu."