Mstari wa Unga na Maziwa

Fundi viatu waliyemwita Gundi hakuwahi kukanda unga maisha yake yote. Mkewe ndiye aliyejua mkate, na mkono wake sasa ulikuwa kwenye plasta tangu ateleze ngazini sokoni. Majirani walimbeba hadi hospitali, na kila kukicha walikuwa wakiwaletea chakula. Gundi akaona haya. Akawaalika chai Jumapili, na mkate akasema ataoka mwenyewe. Mkewe alicheka mpaka mkono ukamuuma.

"Unga vikombe vitatu, maziwa kimoja," alimwelekeza kutoka kitandani. "Huo ni wa watu wachache. Wa kundi zima, ongeza."

Gundi akaongeza. Unga ulitoka vitatu hadi tisa, yaani vimezidi sita. Basi na maziwa akayaongezea sita, yakawa saba, hakuna aliyepunjwa. Akatia mikono kwenye beseni. Hakukuwa na cha kukanda. Kilichokuwemo kilimchuruzika vidoleni.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe na mwalimu wa hesabu, alimkuta amesimama hivyo hivyo.

"Shemeji, unaoka au unapaka ukuta rangi?"

"Nimefuata maneno ya dada yako. Huku sita, huku sita."

Mwalimu akatoa karatasi ya miraba. Unga akauandika chini, maziwa pembeni. Akatia nukta: unga vitatu, maziwa kimoja, sita kwa viwili, tisa kwa vitatu. Akaziunga kwa rula, mstari ukateremka moja kwa moja hadi kwenye sifuri.

"Sifuri ya nini?" Gundi akauliza. "Nani anaoka mkate wa sifuri?"

"Haya, tuchore wako."

Wa Gundi nao ukanyooka, kutoka vitatu kwa kimoja hadi tisa kwa saba. Akajisikia vizuri.

"Sasa rudi nao nyuma," mwalimu akasema. "Unga vikombe viwili, maziwa vingapi?"

Gundi akapunguza kimoja huku, kimoja huku. "Hakuna."

"Unga kikombe kimoja?"

Akatazama karatasi, akatazama beseni. Mstari wake ulikuwa umezama chini ya sifuri. "Hapo itabidi niukamue unga utoe maziwa."

"Niliposema ongeza," sauti ya mkewe ikatoka chumbani, "nilimaanisha kila kitu mara tatu."

"Ungesema mara tatu, mama watoto."

Kwa kitambo kidogo alielewa. Kisha jambo lenyewe likamponyoka kama sabuni bafuni, akabaki anakodolea mistari miwili, yote imenyooka, mmoja ukiwa mkate na mwingine uji.

Wakapima upya, tisa kwa vitatu, wakatia hamira, na safari hii donge likakandika. Likaumuka, likaingia jikoni kuokwa kwenye chombo kimoja kikubwa. Mwalimu akatoka kwenda kuazima vikombe vya chai. Gundi akapiga hesabu peke yake: mkate mdogo hukaa nusu saa, huu ni mara tatu, basi saa moja na nusu. Alikuwa na uhakika kabisa, mpaka moshi ulipoanza kutoka.

"Nimezidisha kila kitu," alimwambia shemeji yake aliporudi. "Si ndivyo mlivyosema?"

"Muda wa jikoni haufuati mstari ule."

"Sasa nitajuaje kipi kinafuata na kipi hakifuati?"

Mwalimu akaweka vikombe mezani. "Hilo nikalifikirie," akasema.

Walikata maganda meusi, ndani mkate ukawa laini. Mkewe alionja, akaomba kipande kingine. Majirani nao wakala wakamaliza. Mama wa nyumba ya pili akataka kujua: yeye ana unga vikombe vitano tu, maziwa aweke kiasi gani?

Gundi akaleta karatasi. Akaweka kidole kwenye tano, akakipandisha polepole hadi kwenye mstari, akakisogeza pembeni.

"Kikombe kimoja na kitu."

"Na theluthi mbili," mwalimu akasahihisha.

"Ndicho hicho kitu."

"Na jikoni ukae muda gani?" jirani akauliza.

Gundi akaikunja karatasi. "Hapo, jirani yangu," akasema, "kaa karibu unuse."