Alto Kwenye Kiti cha Nyuma

Nilisomea ualimu chuo kikuu, nikafundisha fasihi kwa miaka mingi, kisha nikaenda Riyadh kufua soksi za watu. Huwa naanza hivyo ili anayetaka kucheka acheke mapema, tumalizane. Miaka ile wanawake wa Kenya tulikuwa tukiondoka kwa makundi, na ajenti wangu alinishauri shahada niiache nyumbani. Alisema madam wa kule hawapendi mfanyakazi anayefikiri huku anapiga deki. Niliiacha. Kufikiri, kwa bahati mbaya, nilikwenda nako.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Malaz, ghorofa ya tatu. Bosi alikuwa mhandisi aliyesoma Marekani ujanani, na madam alikuwa mwalimu wa hesabu. Hawakunipiga wala kuninyima chakula. Lakini pasipoti yangu ilikaa kwenye droo ya bosi, na bosi ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wangu kisheria. Mkataba ulikuwa unaisha, na bila yeye kuniombea kibali cha kutoka nchini, nisingepanda ndege. Nyumbani binti yangu alikuwa ameshaposwa, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kwamba harusi ingoje mama arudi. Bosi akinikasirikia tu, harusi ingeendelea kungoja. Akiniita mwizi, ningekwenda polisi kabla ya kwenda nyumbani, kama nyumbani ningefika.

Nayaeleza haya ili ieleweke ni kitu gani nilikiweka rehani kwa ajili ya CD moja.

Ilianza bosi aliposafiri kikazi. Madam alikuwa amemwomba kwa muda mrefu aondoe vitu vyake stoo, apate mahali pa kuweka cherehani. Siku hiyo hesabu zake zilimwisha. Alinionyesha sanduku la kadibodi lililojaa CD za ujana wa mumewe.

"Hii yote taka," akasema. "Beba, tupa. Halas."

Hakuwa na ugomvi na muziki. Ugomvi wake ulikuwa na vumbi. Nikalibeba hadi kwenye pipa kubwa la barabarani, na pale, kabla sijalisukuma ndani, nikaona jalada lililokuwa juu. Watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, wamevaa suti zinazowapwaya na kubanana kwenye maikrofoni moja. Hakuna aliyekuwa akitazama kamera. Kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kuelekea kwa mwenzake. Nimeimba kwaya tangu utotoni, naujua mkao huo. Ni mkao wa mtu anayesikiliza sauti ya jirani yake ili asipoteze yake. Nikaitia CD hiyo ndani ya aproni.

Nilikuwa nimerithi kutoka kwa watoto wa bosi redio ndogo ya CD waliyojifunzia Kiingereza. Betri mlinzi wa jengo aliniletea kutoka soko la Batha. Nikawa nasikiliza kwa visikilizio chumbani mwangu, nikikunja nguo. Zilikuwa nyimbo za zamani za mapenzi, zile ambazo kila mwimbaji wa jazi amewahi kuzipitia, lakini hawa walizichukua kama watu walioingia nyumba ya kupanga na kuamua kuhamisha kuta. Sauti nne na ala chache tu nyuma. Walikuwa bado wachanga katika kazi. Mahali fulani tenori, sauti ya juu ya kiume, anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayetaka kupiga mbizi, na hakuna aliyejali kuifuta. Alto, sauti ya chini ya kike, ambayo ndiyo yangu, alikuwa amepewa noti iliyo jirani kabisa na ya soprano, wanakwaruzana kama ndugu waliolazwa kitanda kimoja. Mwalimu wetu wa kwaya angetupiga rula. Pale ilipendeza mpaka nikasahau kukunja.

Nikajifunza sehemu ya alto yote. Jikoni kwetu kulikuwa na dirisha la kutazama tundu la hewa katikati ya jengo, na jiko la ghorofa ya pili lilitazama tundu hilo hilo. Huko alifanya kazi mwanamke wa Mombasa, mdogo wangu kwa umri na mkubwa wangu kwa akili.

"Mwalimu!" aliniita siku moja kutoka chini. "Wimbo gani huo hauna kichwa wala miguu?"

"Ni alto. Wenyewe uko kwenye sauti nyingine."

"Basi imba hiyo nyingine, mwenzangu. Nani aliyekula mchuzi akaacha samaki?"

Bosi aliporudi, siku chache zilipita kabla hajafungua stoo. Nilikuwa sebuleni nikipanga vikombe.

"Sanduku langu liko wapi?"

Madam hakuinua uso kwenye madaftari ya wanafunzi. "Sijui. Labda huyu amelihamisha."

Huyu nilikuwa mimi. Nikisema madam aliniamuru, nimemvua nguo mbele ya mumewe, na madam ndiye niliyeishi naye kutwa. Nikisema nililitupa mwenyewe, nimekiri kuharibu mali. Na kwa lolote nitakalosema, kuna CD moja ilikuwa chini ya sare zangu.

"Nitalitafuta, baba," nikasema.

Jioni ile rafiki yangu wa ghorofa ya pili aliposikia, kidogo apande kwa tundu la hewa.

"Itupe! Sasa hivi! Ati unangoja nini, upewe cheti?"

"Kesho tunakwenda Jeddah kwa mama yake bosi. Nitaitupa huko."

"Wewe umesoma mpaka ukapitiliza."

Mtu mwenye akili angeitupa jioni ile. Mimi nina shahada. Niliitia kwenye begi katikati ya nguo za ndani, nikijiambia kwamba hakuna mwanamume wa heshima atakayepekua hapo.

Barabara ya kwenda Jeddah ni ndefu na imenyooka, haina la kutazama mpaka ukaribie Taif. Watoto walilala wakiniegemea. Madam alikaa mbele akivuta tasbihi. Tulipoanza kuteremka milima, kona juu ya kona, bosi akaanza kuvumisha wimbo kwa midomo iliyofungwa, kama wafanyavyo madereva wanaojizuia kuogopa. Nilikuwa nasinzia. Ilikuwa besi, sauti nzito ya kiume, ya wimbo mmoja wa CD ile. Besi peke yake ni kama mtu anayeshuka ngazi gizani, hatua kwa hatua, kisha anasimama. Na pale anaposimama, alto anaingia.

Niliingia.

Sikuamua. Mtu wa kwaya huwezi kumwachia mwenzako sauti ikining'inia hewani, sawa na kumwachia mtoto mkono ulionyooshwa. Niliimba mstari mzima, kwa sauti kamili, mpaka nikafika mwisho na kujisikia.

Bosi alikatisha wimbo. Macho yake yakaja kwenye kioo, yakarudi barabarani, kwa kuwa kona haikumngoja. Tasbihi ya madam ilisimama. Kila kona nilimwona binti yangu amekaa na hina mikononi, na wageni wanaondoka mmoja mmoja.

Nyumba ya mama yake bosi ilikuwa mtaa wa Al-Safa. Baada ya chakula cha mchana nilikuwa naosha sinia, madam ananyunyiza iliki kwenye kahawa, bosi akaingia jikoni, mahali asipoingia kamwe.

"Ule wimbo umeujulia wapi?"

"Baba..." nikaanza.

"Mimi nilimpa," akasema madam bila kugeuka. "Sanduku liliingia maji. Zilizoharibika zimetupwa. Moja ilikuwa nzima, nikampa. Anapenda kuimba, hujamsikia jikoni?"

"Maji gani? Stoo haina bomba."

"Maji," akasema madam.

Bosi akamtazama yeye, akanitazama mimi. Nilisugua sinia lililokuwa limeshatakata.

"Ilete."

Nikaileta. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha akitafuta mikwaruzo. "Nzima," alisema, kama mtu aliyeambiwa abiria mmoja ameokoka. Akaondoka nayo.

Madam akafunika birika. "Nyingine ulitupa zote?"

"Zote, madam. Kama ulivyosema."

"Lakini hii hukutupa."

"Hii sikutupa."

"Sasa sikiliza. Mpaka upande ndege, mafi kuimba. Njiani, jikoni, bafuni. Mafi, hakuna."

Tukiwa njiani kurudi Riyadh, kwenye milima ile ile, bosi alianza tena. Besi ikashuka ngazi zake, ikasimama. Safari hii alisubiri. Nilimwona kwenye kioo, na sikujua kama ananikaribisha au ananitega. Shingo ya madam haikusogea. Niliuma ulimi, nikahesabu mapigo ya mstari wangu wote hadi mwisho, na alipoona siji, akaendelea peke yake.

Kibali kilitoka. Asubuhi ya safari bosi alinipa pasipoti mlangoni, akaishikilia kidogo upande wake.

"Siku ile, njiani," akasema, "ulikosa kuingia."

"Nilikuwa nimelala, baba."

"Ulikuwa unahesabu. Niliona midomo."

"Yalla," madam akasema nyuma yake, "teksi inangoja." Bosi akaiachia pasipoti.