Droni Haisahau Kwao

Jamani, kanuni za droni nilizikariri, hasa ile ya kutorusha juu ya mkusanyiko wa watu. Basi kwenye harusi ya shemeji yangu kule Sindeni nikawakwepa wageni uwanjani, nikaiweka kando ya trekta bovu, nikairusha kuelekea nyuma ya nyumba. Kumbe huko wanawake walikuwa wanamcheza mwali, na mwanaume haruhusiwi hata kuchungulia! Kwenye skrini nikamwona mama mkwe, kanga kiunoni tu, kifua wazi, anatazama juu. Nikazima rimoti, nikajibanza nyuma ya trekta.

Nilisahau kwamba droni ikikosa mawasiliano hurudi yenyewe ilikorukia. Ikatua miguuni pangu, wanawake wakiifuata mbio.

"Shikamoo mama," nikasema.

Mama mkwe akajifunika uso. Aliyeitikia ni bibi yake mke wangu:

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, vua na wewe, tukuone."