Hukumu ya Mgongo

Mpaka leo, wazee wa Mwaya wakikaa kusikiliza shauri, mtu akijigeuza kidogo kufukuza kuku, jirani yake atamwambia arudishe uso haraka asije akashindwa kwa mgongo. Vijana hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu hukumu ya mgongo ilianza na shauri langu, na nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hawakuwapo.

Ilikuwa zamani za Wajerumani, Wadachi kama tulivyowaita, kabla ya vita. Mume wangu alikuwa akipakua mizigo pale Mwaya, ufukoni mwa ziwa, kila meli ya serikali ilipokuja. Kiswahili nilikiokota kwake. Kusoma na kuandika nilifundishwa na wamisheni kabla sijaolewa. Akafa kwa homa, siku nne tu, akaniacha na binti wa miaka mitatu. Matanga yalipoisha, baba mkwe akatuma ujumbe kwamba nitarithiwa na mdogo wa marehemu. Nikakataa. Shemeji yule sikumtaka, basi. Sikuwa na sababu nzuri zaidi ya hiyo na sikuona kwa nini niitafute.

Baba mkwe hakugomba. Alisema niende zangu, ila mtoto abaki, maana ng'ombe wa mahari walitolewa na mtoto ni wa ukoo wao. Kwa desturi yetu alisema kweli, na chifu akampa haki. Lakini nilishasikia kwamba boma lililoko milimani, Tukuyu ya sasa, huweza kutengua neno la chifu. Nikambeba binti yangu, nikapanda milima siku mbili. Yule mtoto alikuwa ndiye kila kitu nilichokuwa nacho, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote.

Jambo moja sikulifikiria njiani. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani huingia migombani mpaka apite. Haingii nyumbani mwake, hamsemeshi, na akikutana naye ghafla hujifunika uso. Na mkwe naye hivyo hivyo: mzee mwenye adabu hukohoa kwa mbali ili umsikie ujifiche, na asipoweza kukwepa hugeuka. Mimi tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Nilikuwa naijua sauti yake, kikohozi chake na mwendo wake, lakini pua yake ikoje ningeulizwa nisingejua.

Sasa fikiria chumba cha boma. Meza moja, nyuma yake Bwana Shauri, hakimu wa boma, kijana wa Kijerumani mwenye uso mwekundu kwa jua. Kando yake mkalimani, mtu wa pwani aliyejua Kinyakyusa cha kununulia ndizi. Mimi nimesimamishwa upande huu. Mlango ukafunguliwa, askari akamwingiza baba mkwe, aliyeitwa na boma kutoka Mwaya, akamsimamisha hatua tatu kutoka nilipo.

Nikavuta kaniki yangu mpaka kidevuni. Nikajua nimeshindwa, kwa sababu mbele yake nisingeweza kutoa neno, na nilidhani yeye anajua hivyo na ndiyo maana amekuja mwenyewe badala ya kumtuma mwanawe. Nikamlaani moyoni.

Kisha nikasikia miguu yake ikijongea sakafuni. Nikachungulia chini ya nguo. Alikuwa amegeuka. Ameuangalia ukuta, amempa Bwana Shauri mgongo, amenipa na mimi mgongo, amesimama wima mikono ubavuni. Akakohoa, kile kikohozi cha njiani. Alikuwa ananiambia nifunue uso, niseme shauri langu.

Nilipigwa na butwaa. Mtu huyu alikuja kuninyang'anya mwanangu, na bado akanipa nafasi ya kumshinda, kwa adabu tu, bila kuombwa. Nikafunua uso. Nikafungua mdomo nianze.

Bwana Shauri akapiga meza. Aliuliza jambo, mkalimani akajibu, na Kiswahili chao nilikisikia chote. Aliuliza mzee huyu ana nini. Mkalimani akasema mzee analidharau baraza la Serikali, amewapa kisogo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na Kiswahili cha kutosha. Sentensi moja ingetosha: amegeuka kwa sababu yangu. Bwana Shauri akanielekea akauliza kama mimi pia nimeona mzee akigeuka. Nikasema ndiyo. Sikuongeza kitu.

Wakamtoa nje, wakampa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mzee wa mvi, mwenye wajukuu, alichapwa kiboko uwanjani kwa kosa la kuwa na heshima. Hakulia. Mimi nilikuwa ndani nikisikiliza huku mkalimani akinisomea kwamba nimeshinda, mtoto ni wangu, kwa kuwa mdaiwa amekataa kulielekea baraza na hivyo hana la kujitetea. Nilishuka milima ile na mtoto wangu.

Nikakaa kwa baba yangu. Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja nikiwa ndani nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba. Nikajua ni nani, nikajibanza pale pale nilipokuwa. Mama mkwe akaja mlangoni, akanisalimu, "Ugonile," kisha akaeleza kilichowaleta kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa. Wamisheni wamewaambia kwamba Dar es Salaam kuna mahakama kubwa, na juu yake hapana nyingine katika nchi nzima. Mzee anataka ipelekewe barua. Wamisheni wenyewe hawataki kuandika, wanaogopa kugombana na boma. Anayejua kuandika Kiswahili hapa bondeni ni mimi.

Nilidhani amerukwa na akili. Nikamuuliza iweje mzee anitake mimi, niliyemshinda, niandike barua ya kunishinda.

"Nami nilimwuliza hivyo," mama mkwe akasema. "Akaniambia wewe ulikuwapo. Utaandika kama ilivyokuwa."

Basi ikawa hivi. Mimi ndani na karatasi juu ya ubao. Yeye nje, nyuma ya ukuta wa mianzi na udongo, nisimwone wala asinione. Mama mkwe akakaa karibu naye. Mzee akawa anazungumza na mkewe, polepole, kwa sauti ya kunifikia, ili isiwe anasema na mimi. Alisimulia yote bila kutia chumvi. Alisema mume wangu alikufa, alisema ng'ombe walitolewa, alisema chifu aliamua nini, alisema aligeuza mgongo bomani akachapwa. Akaomba shauri lisikilizwe upya. Halafu akasema maneno ambayo ningeweza kuyarudia hata nikiwa usingizini:

"Niligeuka kwa sababu mke wa mwanangu alikuwa mle ndani, na kwetu mkwe hatazamwi. Sikumdharau mtu. Mwulizeni yeye mwenyewe, atawaambia."

Kalamu ilikuwa mkononi. Binti yangu alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi, jasho shingoni. Nikaona wazi kabisa: maneno haya yakifika Dar es Salaam, wataniuliza. Nikiulizwa nitasema kweli, au nitasema uongo kwa kinywa changu. Nikisema kweli, shauri linaanza upya, na kwa desturi mimi sina mtoto.

Sikuyaandika. Niliendeleza kalamu hewani kwa muda ule ule ambao mtu angetumia kuyaandika, ili wausikie ukimya wa mtu anayeandika. Kisha nikaandika salamu za mwisho. Mama mkwe akaipokea karatasi, akampelekea mzee, naye mzee akaweka alama ya kidole pale nilipomwonyesha mama mkwe. Kutoka nyuma ya ukuta nikamsikia akishukuru, "Ndaga." Alimwambia mkewe, lakini ilikuwa yangu. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto, na hata hivyo sikumwita arudi.

Jibu lilichukua mwaka na zaidi. Lilikuja na Bwana Shauri mwenyewe, aliyeteremka Mwaya na askari wake, na watu wote wakaitwa uwanjani, machifu mbele, wanawake nyuma. Mimi nilijificha kati ya wanawake warefu. Baba mkwe alikuwa mstari wa kwanza, na mama mkwe alikuwa amesogea pembeni yangu.

Mkalimani akasoma. Mahakama kubwa imelipitia shauri hili. Mlalamikaji anakubali kwamba aligeuza mgongo. Hakutoa sababu yoyote ya kufanya hivyo. Kwa hiyo hukumu ya boma ni sahihi, haitenguliwi. Na tangu leo, katika mabaraza yote ya boma na ya machifu, yeyote atakayekataa kumwelekea hakimu au mwenzake wa shauri, mwanamume au mwanamke, au atakayejifunika uso, atahesabiwa kuwa hana neno, na shauri limemshinda.

Watu waliguna. Machifu walitazamana, walielewa upesi kuliko Bwana Shauri kwamba kuanzia siku ile mke hawezi kumshtaki mkwewe mahali popote. Lakini mimi nilibaki kwenye maneno yale mengine, hakutoa sababu yoyote. Niliona mabega ya mzee yakitulia. Mama mkwe aligeuza kichwa taratibu akanitazama. Alikuwa ameketi pale siku ile. Aliyasikia maneno yakitoka kinywani mwa mumewe.

Bwana Shauri, sijui kwa nini, labda mvi za mzee zilimsumbua, akauliza kupitia mkalimani: je, mzee alikuwa na sababu? Kama alikuwa nayo na haikuandikwa, basi aliyeandika barua ameidanganya mahakama, na atajwe hapa hapa. Kiboko kilikuwa mkononi mwa askari. Niliangalia kile kiboko.

Mama mkwe akafungua mdomo. "Lakini wewe ulisema..."

"Nilisahau," mzee akasema, bila kugeuka. "Nilisahau kuitaja."

Mkalimani akatafsiri. Bwana Shauri akaandika kitu, akakunja daftari, na mkutano ukaisha. Mzee akapita upande wa pili wa uwanja, mbali na wanawake, akikohoa kama kawaida ili niliye mke wa mwanawe nijue anakopita. Mama mkwe alimfuata. Hakuniambia neno siku ile wala siku nyingine yoyote maishani mwake.

Binti yangu alibaki kwangu. Hakuna aliyekuja kumdai tena. Watu walisema nina bahati, na wengine, hasa wanawake waliokuwa wajane kama mimi, walinisifu kwamba nimewafungulia njia. Niliwaacha waseme.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, akaja nyumbani mwanamke wa Kikisi, mfinyanzi kutoka kule ziwani, aliyeolewa na mtu wa huku kwetu. Mumewe amekufa, mkwewe anataka watoto, wawili, wa kiume. Alikwenda kwa chifu kujitetea. Mkwewe akasimamishwa mbele yake, na yeye, kwa malezi yake, akajifunika uso na kuinama. Shauri likaishia hapo. Chifu hakumwuliza hata swali. Alimsomea hukumu ya Dar es Salaam, na watoto wakachukuliwa siku ile ile wakiwa na nguo walizovaa.

Alikuwa amebeba chungu kikubwa kipya, chekundu, kama zawadi. Alisema amesikia kwamba mimi najua kuandika. Aliomba nimwandikie barua kwenda mahakama kubwa, aeleze kwamba hakujifunika kwa dharau.

Nikamwambia haitasaidia. Hukumu ile ndiyo ya mahakama kubwa yenyewe, na juu yake hapana mahali pa kwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Binti yangu alikuwa anapepeta mpunga uani, akiimba ovyo, na mwanamke yule akawa anamtazama yeye, hanitazami mimi.

"Ni nani aliyetuletea sheria hii?" akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi ya nne ya kusema kweli. Hapakuwa na askari, hapakuwa na Bwana Shauri, na mtoto wangu hakuna aliyekuwa akimtaka.

"Wadachi," nikasema.

Akatikisa kichwa, akakiweka chungu chini mlangoni pangu. Nilimwomba akichukue, sikumfanyia kitu. Akakataa. Alisema nimemsikiliza, wengine hawakumsikiliza, kisha akasema ndaga na kushika njia ya ziwani.