Masikio ya Mama na Fataki za Idi

Mama yangu alipoteza usikivu taratibu, kwa miaka kadhaa, na siku ulipokwisha kabisa paka wake alikuwa ameshaichukua kazi ya kumsikilizia bila ya kuagizwa na mtu. Ni paka jike wa rangi ya majivu, aliyeingia mwenyewe kutoka kichochoroni akakataa kutoka. Mtu akipiga hodi, paka huinua kichwa na kuutazama mlango. Mama humtazama paka, kisha huinuka akaenda kufungua. Maji yakianza kutoka mferejini, paka hugeuza shingo upande wa uani, na mama huchukua ndoo.

Mimi ninakaa Chukwani na mke wangu na watoto. Tumembembeleza mama ahamie kwetu, naye hataki kuiacha nyumba yake ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo paka yule ndiye anayenifanya nilale usingizi, na hilo nililijua vizuri Idi ya mwaka jana, fataki zilipomkimbiza akapotea siku tatu. Asubuhi ya Idi nilimkuta mama amejifungia kwa komeo. Nilipiga hodi kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa jiwe. Jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima, alitoka akaniambia kwamba hata yeye jana usiku alileta sahani ya chakula, akapiga hodi mpaka akachoka, akarudi nayo. Nilisimama pale karibu saa nzima nikiwa sijui kama nyuma ya mlango ule mama yu hai. Mwishowe niliruka ukuta wa uani. Alikuwa hai. Alikuwa amekaa juu ya busati, anakunja nguo, mgongo wake umeelekea mlangoni.

Mwaka huu nikasema fataki hazitanikuta vile tena. Elimu ya wanyama sina. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kushonea, na hiyo nayo nilijifundisha mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Lakini nilisoma nilichoweza kukipata, nikaichagua stoo iliyo chini ya ngazi. Kuta zake ni nene, dirisha haina. Niliweka boksi, ndani yake kanga kuukuu ya mama yenye harufu yake, bakuli la maji, karai la mchanga, na redio ndogo ya kuwekea kisomo cha Kurani, ili mshindo wa nje usimfikie ukiwa peke yake. Tangu kuingia kumi la mwisho la Ramadhani nilipita kila siku baada ya alasiri nikamlisha humo humo, apajue kuwa ni pake. Akimaliza kula namtoa, nafunga stoo kwa kufuli ili panya wasije wakapachafua kabla ya siku yenyewe. Ufunguo nilikaa nao mimi.

Mwezi ishirini na tisa mawingu yalikuwa mazito upande wa magharibi. Nilipokuwa natoka kwa mama, jirani yule alikuwa kizingitini anachambua mchele.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Umeshamfungia mgonjwa wako, yule paka?"

"Bado, kesho. Leo mwezi hauonekani. Tazama mawingu yale."

"Mwezi unaonekana kwenu tu? Pemba hakuna macho?"

Nilicheka nikapanda vespa yangu. Nilishakata shauri kwamba tutakamilisha thelathini.

Nilikuwa nimemaliza kufuturu, ninanawa mikono, redio ya mke wangu ilipotangaza kuwa mwezi umeandama. Sikungoja kusikia umeonekana wapi. Njia nzima ya kwenda mjini niliona fataki zikipanda mbele yangu juu ya mapaa, nyekundu na kijani, na kila moja ilipopasuka niliuhisi ule ufunguo mfukoni.

Kichochoro kilijaa moshi wa baruti. Watoto walikuwa wanazirusha zile ndogo za kupasuka chini ya ukuta, wanapiga kelele, "Mwezi! Mwezi!" Mlango wa mama ulikuwa nusu wazi. Tangu Idi ile, saa za futari huuacha hivyo kila siku, kwa kuwa majirani hupelekeana sahani na yeye hapendi mtu asimame nje akiita bure. Jambo hilo nililijua. Katika mipango yangu yote sikulitia.

Mama alikuwa anapangusa uji uliomwagika juu ya busati. Nilikaa mbele yake, nikatamka polepole apate kuisoma midomo yangu.

"Mwezi umeandama. Paka yuko wapi?"

"Umeandama? Alhamdulillahi. Basi ndiyo maana! Karuka mapajani pangu, kanimwagia uji wote. Mi nkadhani kaona panya." Kisha akauona uso wangu, akaacha kupangusa.

Nilikwenda kwanza stoo. Chini ya mlango, kwenye mbao, palikuwa na alama mpya za kucha, nyingi, nyingine juu ya nyingine. Pembeni alikuwa amekojoa. Alikuwa amepakimbilia pale pale nilipomfundisha, akakuta kufuli langu.

Nilimtafuta uani, nyuma ya mapipa, nikamulika kisima, maji yametulia. Sikuweza kujua kama alitokea mlangoni. Nje fataki moja kubwa ilipasuka na vumbi la chokaa likanidondokea shingoni. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, anautazama mlango, kisha mahali anapolala paka, kisha mlango.

Nilipanda ngazi nikamwona kwenye paa la sakafu, chini ya tangi la maji, kwenye nafasi isiyopita mkono. Macho tu. Anatetemeka mpaka bati aliloegemea linatoa sauti. Nilijua asivutwe kwa nguvu, kwa hiyo nililala kifudifudi nikamwita, na kila nilipoita fataki zilinijibu. Mara akasogea nyuma, kuelekea ukingoni. Chini ya ukingo ule ni ghorofa mbili. Nikanyamaza.

Sikumsikia mama akipanda ngazi. Alikaa kitako, akaweka kiganja sakafuni, akakiacha hapo.

"Nnazisikia," akasema. "Hapa. Ni nyingi." Kisha akaniambia, "Baba, ondoka wewe. Wewe nawe unaogopa."

Nilirudi nyuma mpaka kwenye ngazi. Akavua kanga ya mabegani, akaitandika chini ya tangi, akageuza uso pembeni. Muda mrefu ulipita. Paka alipotoka, alitoka tumbo limegusa sakafu, akaingia ndani ya kanga, na mama akamfunika.

Usiku ule nililala kwa mama. Asubuhi, baada ya sala ya Idi, watoto wa kichochoroni walikuja kutaka sikukuu yao, vijisenti vya Idi. "Hodi! Hodi!" Paka hakuinua kichwa. Mama alikuwa anamtazama yeye, anangoja. Hodi ikapigwa tena, na tena. Nilijizuia nisiinuke. Mwishowe sikio moja likageuka kuelekea mlangoni, hilo tu, kichwa kikabaki chini.

Mama akainuka akaenda kufungua.

Fataki hupigwa siku zote nne za Idi. Nilichukua bisibisi, nikaling'oa lile komeo la stoo pamoja na kufuli lake, kisha nikakaa kuingoja magharibi.