Test zote kijani, oda ya Songea imekwama

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nina kiburi cha shule. Ninacho. Mtu akinishauri niandikie test ile mistari ya kuandikisha services, namjibu: "Ile ni orodha tu. Orodha unaipimaje?"

Kwa wasioandika code: kwenye web framework nyingi, controller (sehemu inayoendesha ukurasa) haijitengenezei vifaa vyake. Mwanzoni mwa programu unaandikisha kila service, yaani kila kifaa, halafu controller ikihitaji kitu, framework inailetea. Ndiyo dependency injection hiyo.

Ukisahau kuandikisha kimoja, programu inawaka vizuri tu. Inaanguka siku mtu akifungua ukurasa unaokihitaji.

Sasa, nilimjengea Mangi, muuza vitenge wa jumla Kariakoo, mfumo wa kupokea oda. Ofisi yangu iko Msimbazi, jirani kabisa na duka lake. Kwa hiyo kwenye majaribio yote tulichagua "nakuja kuchukua mwenyewe". Nani wa Msimbazi anatumiwa kitenge kwa basi?

Wa mikoani ndio wanatumiwa. Mama Shani wa Songea akabonyeza "tuma kwa basi", ukurasa ukafa.

Nikaitwa dukani.

"Msomi, mama wa watu anataka mzigo, mfumo wako unamwonyesha Kiingereza chekundu."

"Mbona kwangu unafanya kazi, Mangi?"

"Basi hamia Songea ukamwonyeshe. Ijumaa ukigoma tena narudi WhatsApp, wewe tutaonana kwenye harusi za watu."

Huyo ndiye mteja wangu mkubwa. Nikarudi ofisini mbio, nikaendesha test. Zote kijani, yaani zimefaulu!

Rehema, mwenzangu wa ofisi, akachungulia skrini akacheka. "Kwenye test unaikabidhi controller service feki kwa mkono wako. Unampa mwanafunzi majibu, halafu unashangilia kafaulu."

Nilinuna kidogo (umri huu kununa kunachukua muda), kisha nikafanya alichokuwa akinisihi siku zote.

Nikahamishia mistari yote ya kuandikisha kwenye method moja (kipande kimoja cha code), inayoitwa na programu yenyewe na test pia. Test inapitia kila controller na kuiomba framework iitengeneze, bila feki. Haigusi database, haitumi chochote. Inauliza tu: vifaa vyote vipo?

Nyekundu. Service ya kutuma kwa basi haikuandikishwa. Hilo nililitegemea. Nikaongeza mstari, nikarudia.

Nyekundu tena: ukurasa wa kubadilisha mzigo. Huo hakuna aliyewahi kuulalamikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuufungua. Nao nikauongezea mstari wake.

Nilichojifunza: test ya service inakuambia service inajua kazi yake. Haikuambii kama imeajiriwa.

Najua wapo watakaosema kuwasha programu na kubonyeza bonyeza kunatosha. Karibuni tubishane, na wenye njia bora zaidi waiweke hapa. Hata mimi ningebisha nanyi, ila Ijumaa simu iliita, namba ngeni.

"Wewe ndiye fundi wa Mangi? Mama Shani hapa, Songea. Oda imepita."

Nikaanza kushukuru.

"Ngoja, usikate. Doti mbili nimekosea rangi. Nabonyeza hapa pa kubadilisha."

Nikasikia kuku wake wakilia huko. Mimi sipumui.

"Eeh, imekubali," akasema. "Dada, mbona umenyamaza?"